Brutus na Kofia ya Uhuru: Kinaya katika Dinari ya Fedha

Wanaoihakiki dinari ya Brutus, ile ya mwaka 42 K.K., wengi huishia upande wa nyuma. Huko kuna majambia mawili, katikati yake kofia, na chini maandishi EID MAR, yaani tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Julius Caesar mwaka 44 K.K. Kofia ile huvaliwa na mtumwa aliyeachwa huru. Jazanda haina chenga: tumeua, mmekombolewa. Basi, makofi!

Hebu igeuze, ndugu msomaji. Nani yule? Brutus mwenyewe, na jina lake juu! Ndio mtindo wa wafalme wa Kigiriki, ambao Caesar aliuingiza katika sarafu za Roma akiwa hai, miezi michache kabla ya kuuawa. Muuaji kamrithi marehemu. Mimi nasema matini hii ina nyuso mbili na hazisemezani; anayesoma moja tu hajasoma.

Najua nitaambiwa sarafu hii ilikuwa ya kulipa askari, na askari hutaka kumjua anayemlipa. Sawa. Lakini mwaka 54 K.K., Brutus huyu huyu alitoa dinari yenye kichwa cha Libertas, mungu-mke wa uhuru, na nyuma yake Brutus wa kale, aliyesifika kwa kuwafukuza wafalme, ambaye yeye alidai ni babu yake. Wakati ule uhuru ulikuwa na kichwa. Kufikia mwaka 42 umebakiwa na kofia tupu, na kichwa ni cha bwana mkubwa.