Kadirio si usahihishaji: Alama za kozi za mtandaoni zahitaji maelezo

MAJUZI mwanafunzi mmoja anayekodi chumba Kahawa Wendani alinijia na simu mkononi. "Profesa, hebu niangalizie. Mimi nimepiga hesabu nikapata 70. Hii mtandao inaniambia 63. Sasa nani ananidanganya?"

Anasomea isimu ya Kiswahili mtandaoni. Katika vyuo vikuu vyetu vingi, 70 ni A ilhali 63 ni B. Swali lake basi halikuwa dogo.

Zoezi la kwanza alipata 18 kati ya 20, la pili 14 kati ya 20 na la tatu 25 kati ya 50. Yeye aligeuza kila alama kuwa asilimia, yaani 90, 70 na 50, kisha akatafuta wastani. Mfumo nao ulijumlisha alama zote, ukapata 57 kati ya 90, ambazo ni asilimia 63. Kwa njia hii, zoezi la tatu pekee lilibeba zaidi ya nusu ya uzito wote.

Hakuna aliyedanganya. Mifumo kama vile Moodle humruhusu mwalimu kuchagua mojawapo ya njia hizo. Tatizo ni kwamba maelezo ya kozi yalisema tu kuwa "mazoezi yote yatazingatiwa". Yatazingatiwa vipi? Kitenzi hicho kinasikika vizuri lakini hakimwambii msomaji lolote.

Dosari ya pili inatuhusu zaidi sisi wapenzi wa lugha. Katika swali la jibu fupi, kijana huyu aliandika "isimu jamii". Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na "isimujamii". Akapata sufuri! Mwalimu mwenye kalamu angelipita jibu hilo bila kusita, kwa kuwa maumbo yote mawili yamo vitabuni. Vivyo hivyo, kuna waandishi wasemao "kihisishi" na wengine "kiingizi". Programu haijui historia hiyo. Hulinganisha herufi na nafasi zilizo kati yake, basi. Mtunzi wa swali angeweza kuorodhesha majibu kadhaa yanayokubalika, maana mfumo unaruhusu hivyo. Hakufanya hivyo, na aliyelipia uzembe huo ni mwanafunzi.

Hapa inafaa tuyapime maneno yetu. Huku Kenya tunasema mwalimu "ametuza" alama, au "amesahihisha" kazi. Wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja. Sivyo. Kutuza ni kumpa mtu anachostahili. Kusahihisha kunatokana na "sahihi": ni kuifanya kazi iwe sahihi, au angalau kumwonyesha mwenyewe palipo na kosa. Mashine iliyotoa sufuri na kunyamaza imekadiria tu, haijasahihisha chochote.

Mtahini wa insha ya KCSE, ingawa hukutana na karatasi asiyemjua mwenyewe, huongozwa na viwango vinavyofahamika. Insha huwa na alama 20. Kiwango cha D huanzia alama 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15 na A 16 hadi 20. Kila kiwango kina sifa zake za maudhui, msamiati, mtindo na sarufi. Mwanafunzi wa kidato cha nne huvijua viwango hivyo kabla ya kushika kalamu. Kwa nini wa chuo kikuu afanye kazi gizani?

Kwa maoni yangu, kila kozi ya mtandaoni ianze na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: kila zoezi lina uzito gani, alama hujumlishwa vipi, kazi isiyowasilishwa huhesabiwa sufuri au huachwa nje, na rufaa hupelekwa kwa nani.

Kijana wangu alimwandikia mhadhiri wake kuhusu "isimu jamii". Hadi tunaenda mitamboni, hajajibiwa. Nimemshauri aandike tena, kwa adabu, na aambatishe hesabu yake.