"Bond": Kamba au Karatasi?

Kila tunaposomesha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, swali hurudi: katika tamthilia ya asili, neno "bond", analolishikilia Shylock mpaka mahakamani, maana yake hasa ni nini? Aghalabu twajibu upesi kuwa ni hati, au mkataba wa deni. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu.

Asili ya "bond" ni kamba. Ni ndugu wa "bind", yaani kufunga, na wa "band", ukanda wa kufungia. Mkataba wetu umetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kuandika. Neno lao lina fundo ndani yake. Letu lina kalamu na wino.

Shakespeare alilitumia fundo hilo kwa werevu mkubwa. Antonio anajifunga kwa ajili ya rafiki yake: dukati 3,000 kwa miezi 3, na rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Lakini neno hilo hilo latumika pia kwa ahadi za wapendanao. Na katika tendo la 5, Portia amwambia mumewe kwamba yampasa ajione amefungwa na fadhila za Antonio, kwani Antonio naye alifungwa kwa ajili yake. Deni na shukrani zimo katika neno moja. Mwanafunzi aliyekariri "mkataba" hudhani Portia asema habari za sheria, kumbe anatania, na utani wenyewe una uchungu.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakiwezi kuubeba utani huo. Hatukubaliani nao. Je, hatusemi kufunga ndoa? Hatusemi fulani amejifunga kulipa? Kamba tunayo, ila imo katika kitenzi, na hapo ndipo mwalimu aanzie kabla ya kuifikia hati.

Tahadhari moja tu. "Bondman", yaani mtumwa, neno analolitumia Shylock anapoombwa mkopo, halikutokana na kamba hii. Limetoka katika neno la kale la Skandinavia la mkulima mwenye nyumba yake. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 hadhi yake ilishuka, na kufanana kwa sauti kukawafanya watu wamwone mtumwa kuwa ni mtu aliyefungwa. Sisi wenyewe tulifundisha hivyo kwa miaka.