Mji na Ng'ambo katika "Vuta N'kuvute"

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Lakini ni upande wa pili kwa nani? Katika Unguja maji hayo yalikuwa hori lililotenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, na mitaa ya udongo na makuti iliyokuwa mashariki yake. Aliyeipa mitaa hiyo jina alikuwa amesimama Mjini. Hata hivyo wakazi wake nao walilipokea, wakawa wanayaita makwao kwa jina la mahali pa mbali. Hori lilifukiwa katika zama za ukoloni, jina likabaki.

Riwaya ya Bwana Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, yasimulia Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati Waarabu, Wahindi na Waafrika walipokuwa kila kundi na jumuiya yake. Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi umri mno. Anapoiacha ndoa hiyo jamaa zake wamkataa. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Huko ampenda Denge, kijana wa Kiafrika mwenye kupigania uhuru. Tangu hapo neno lageuka maana: kwa Yasmin, Ng'ambo ndiko kwao, na Mji ndio upande wa pili.

Nguvu ya riwaya ni kwamba haikuuweka utengano katika amri za serikali peke yake. Imeuweka katika posa, katika heshima ya ukoo, na katika khofu ya maneno ya watu. Polisi wa mkoloni wamwinda Denge. Lakini si askari aliyeufunga mlango wa jamaa zake Yasmin. Utengano wenye kulindwa na askari huweza kuondoka pamoja naye. Ule wenye kulindwa na mama, mjomba na jirani hurithiwa, nao huitwa adabu njema.

Hata hivyo hapo ndipo palipo na upungufu. Nyumba ya Mwajuma msomaji huijua kwa vicheko vyake, kwa dhiki na kwa ukarimu wake. Nyumba ya jamaa zake Yasmin huijua zaidi kwa mlango uliofungwa. Ni kweli kwamba waliufunga kwa ukatili. Lakini watu wachache walioishi kisiwani kwa kuoana wao kwa wao walikuwa na jambo waliloogopa kulipoteza, na khofu hiyo ilistahili kusemwa kwa kinywa chao wenyewe. Kuisema si kuisamehe. Mwandishi amemvusha Yasmin kwa ustadi mkubwa, na kwa hilo astahili sifa. Bali waliobaki Mjini amewaacha waonekane kwa mbali, kama vile zamani Mji ulivyoiona Ng'ambo.