Kupima Gunia Tupu

Simama kando ya Barabara ya Mombasa, pale Sultan Hamud. Tuseme malori mawili yameondoka pwani alfajiri moja, moja likiwa tupu, jingine limeshiba saruji. Lile tupu likipita, tazama saa. La saruji likifika, tazama tena. Katika pengo hilo mna habari ya kila mwinuko wa njiani, hata kama hukuuona.

Wasomaji wa ionosfia huishi kwa mapengo ya aina hiyo. Ionosfia ni hewa ya juu sana, ambako jua huzibandua elektroni kutoka kwenye atomi. Setilaiti ya GPS, iliyo kilomita 20,200 juu, hutuma mawimbi mawili kwa pamoja, la megahetzi 1575.42 na la 1227.60. Elektroni hulichelewesha la pili zaidi. Mpima ardhi wa Makueni huukokotoa uchelewaji huo ili autupe, maana unamsogezea mpaka wa shamba. Msomaji wa ionosfia huuokota. Kwake hayo ndiyo mavuno.

Lakini mvunaji huyu hana papara. Kipokezi chenyewe huchelewesha, na setilaiti nayo ina kasoro yake. Basi huanza kama mnunuzi mwaminifu wa pojo: kwanza hupima gunia tupu.

Ustadi huu huonekana zaidi mbali na hapa, kwenye ncha za dunia. Novemba 22, 2013, Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha setilaiti tatu za Swarm. Njia zake hupita karibu na ncha zote mbili, na kwa kuwa dunia huzunguka chini yake, Ukambani nako hupitiwa. Mojawapo ikiwa juu ya ikweta, huhitaji kama dakika 23 tu kufika karibu na ncha ya kaskazini.

Huko, katika usiku wa miezi, jua halipo la kutengeneza elektroni. Hata hivyo hupatikana viraka vya elektroni nyingi, vilivyokokotwa kutoka upande wa mchana na kuvushwa ncha hadi gizani. Swarm hupima wingi wa elektroni mara mbili kwa sekunde. Kiraka cha kilomita 400 hukikata kwa muda usiofika dakika. Kinachobaki ni tarakimu mia hivi, na mstari ulioinuka ghafla.

Mwanafunzi angeshangilia. Fundi hushuku chombo chake kwanza. Kisha huangalia mwenzake: mbili kati ya zile tatu, Swarm A na C, huruka sambamba, zikiachana kama kilomita 150 kwenye ikweta, na njia zao hukaribiana kadiri zinavyoikaribia ncha. Zote mbili zikiinua mstari mahali pamoja, hapo hukiita kiraka. Ikiinua moja tu, hurudi kulipima gunia.