Panya Mzima Kwenye Tundu Safi: Tumepima Nini Hasa?

Hebu mfikirie fundi anayetaka kujua kazi ya kila waya ndani ya redio. Anakata mmoja, anawasha, anasikiliza. Redio ikinyamaza, amejifunza kitu. Ikiendelea kuimba je? Aseme waya ule hauna kazi? Labda ni waya wa betri, na yeye redio kaichomeka ukutani.

Basi mradi wa kimataifa wa IMPC, ulioanza 2011, unafanya kazi ya fundi huyo kwa panya. Panya ana jeni takribani 20,000 zinazotengeneza protini. Jeni moja inazimwa, kisha panya hao wanapitishwa kwenye orodha ileile ya vipimo: uzito, damu, moyo, macho, mifupa, usikivu, tabia. Halafu jeni inayofuata. Ripoti yao ya 2016 ilionesha kuwa kati ya jeni 1,751 za mwanzo, 410 zikizimwa panya haishi. Matokeo yapo wazi kwa yeyote. Kwa hilo, nawavulia kofia.

Lakini wewe msomaji nakuomba tusimame kidogo kwenye wale panya walioonekana wazima.

Kuna ukoo wa panya wa maabara unaoitwa C3H/HeJ. Waweke kwenye tundu safi, chakula kipo, maji yapo: wanakula, wanazaa. Ila wana jambo moja la ajabu. Sumu iliyo kwenye ukuta wa bakteria wengi, ambayo huwaangusha panya wengine, wao haiwashtui. Unaweza kusema wana bahati, si ndiyo? Hapana. Wakipata Salmonella, wanakufa kirahisi kuliko wenzao. Mwili wao hausikii adui anapobisha hodi.

Bruce Beutler na wenzake walilifuata fumbo hilo kwa miaka, wakipekua kromosomu kipande kwa kipande, hadi 1998 wakaikuta herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya Tlr4. Ugunduzi huo ulimpa Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2011. Sasa jiulize: orodha ya vipimo vya panya asiyeugua ingemwona panya huyu? Kwenye uzito, mifupa na usikivu angepita kama mzima tu.

Hapo ndipo ninapolalamika. Orodha huona kile ilichoandikiwa kukiona. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, kule Heidelberg, walianza upande wa pili: waliharibu DNA ya nzi wa matunda kwa kemikali bila kuchagua jeni, kisha wakakaa na darubini kuangalia mabuu yameharibikaje. Ripoti yao ya 1980 ilikuwa na jeni ya buu lenye miiba kama kalunguyeye, nayo ikaitwa hivyo. Leo tunajua jeni za jamii hiyo zinahusika na aina ya saratani ya ngozi kwa binadamu.

Nisieleweke vibaya: njia hiyo nayo ina gharama yake. Kuona kasoro ni siku moja, kuisaka jeni yake zamani ilikuwa miaka. Nao wa Heidelberg waliona walichokitazama tu, yaani umbo la buu.

Kuna la pili. Panya wa IMPC ni wa ukoo mmoja, C57BL/6N, wanaofanana karibu kama mapacha. Jeni isiyo na madhara kwao inaweza kuwa na madhara kwenye ukoo mwingine. Na sisi binadamu si ukoo mmoja, wala hatuishi kwenye matundu safi.

Kwa hiyo ukisoma kuwa jeni fulani ilizimwa na panya "hakuonesha tofauti", usiishie hapo. Uliza: alipimwa nini, wa ukoo gani, na kuna aliyemwambukiza ugonjwa? "Hatujaona" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti.