Mjane wa ziwa, pahali hakuna ziwa

Bandugu wahitimu wa Bukavu, wa huku Nyangezi, na ninyi mliotawanyika mbali.

Wengi wenu mliniuliza kama ile kazi ya kutafutia kahawa wanunuzi kwa barua pepe ilizaa matunda. Nilikuwa najibu kifupi: "Tutaona." Leo naandika jibu lote, maana naona baadhi yetu wanaanza kuifanya hii kuwa kazi ya kulipwa: unapanga barua kwa akili bandia, unaziandika kwa akili bandia, halafu unaiomba hiyo hiyo ikuambie kama ni nzuri. Mimi nilifanya hivyo. Na mambo mabaya nitakayosema hapa yananihusu mimi kwanza, mashini baadaye.

Kisa ni hiki. Kikundi cha wakulima wa kahawa wa vilima vya kwetu waliniita. Walikuwa na orodha ya anwani 43: wakaangaji wadogo wa kahawa wa Ulaya na Marekani, watu waliowahi kuomba sampuli ama kuacha kadi yao kwa mtu. Kazi yangu ilikuwa barua tano kwa wiki sita. Kahawa ikikosa mnunuzi wa moja kwa moja, inaenda kwa mchuuzi wa kwanza anayefika na pesa mkononi, kwa bei yake yeye. Na Septemba watoto wanarudi shuleni. Kwa hiyo hatukuwa tunacheza.

Nilikaa na mashini usiku mbili. Wacha nihakiki kazi yake sehemu kwa sehemu, kama tulivyokuwa tunahakiki hadithi darasani.

Kwanza, mpango. Ulikuwa safi kwa macho. Tuma Jumanne asubuhi. Kichwa cha barua kiwe kifupi. Peleka kichwa kimoja kwa nusu ya watu na kingine kwa nusu ya pili, uone kipi kinafunguliwa zaidi. Barua ya tano iseme: "Nafasi ya mwisho, siku tatu zimebaki."

Nikaukubali. Sasa hesabuni pamoja nami. Nusu ya watu 43 ni 21 ama 22. Wawili watatu wakifungua zaidi upande mmoja, umejifunza nini? Hakuna. Hiyo ni bahati tu. Halafu, tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua yenyewe, mtu hajagusa kitu, na mtumaji anaona kama barua imefunguliwa. Kipimo chenyewe kina tundu. Na zile "siku tatu" zilikuwa uongo. Kahawa ilikuwa bado iko kwenye magunia, na hakuna aliyesema itaondoka siku ya tatu.

Lakini kosa kubwa la mpango ni swali ambalo haukuuliza. Februari 2025 vita ilifika Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango. Mnunuzi yeyote mwenye akili, kabla ya kusoma habari ya ladha ya kahawa yetu, atauliza: mzigo utapita njia gani, na pesa yangu itawafikia namna gani? Barua tano, na hakuna hata moja iliyogusa hayo. Mpango ule ungemfaa muuza viatu wa mji wowote wenye benki.

Pili, maandishi. Hapa nakiri: Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kiingereza usiseme. Barua ya kwanza na ya pili zilipita vizuri, zilieleza vilima, udongo, namna tunavyoosha na kukausha. Barua ya tatu ilihitaji, kwa maneno ya mashini, "uso wa mtu". Ikauleta. Mama mjane wa Nyangezi, na jina lake kabisa, na watoto wanne. Bwana yake alizama usiku ndani ya ziwa Kivu, akivusha kahawa kwa mtumbwi kwenda kuiuza Rwanda. Sasa mama analea watoto kwa kahawa ile ile.

Bandugu, ilikuwa nzuri. Nilisoma nikasikia koo inakauka. Na habari ya namna hiyo ni ya kweli, pahali pengine. Watu wa Minova na wa Idjwi watakuambia juu ya wanaume waliozama wakivusha kahawa kwa magendo, na wake waliobaki. Vyama vya kahawa vya upande ule vimelieleza jambo hilo, na vina haki, maana wafu ni wao. Lakini Nyangezi? Sisi tuko njia ya Kamanyola, juu ya Ngomo. Chini yetu kuna Ruzizi. Ziwa liko wapi? Mashini ilichukua msiba wa kando ya ziwa ikaupandisha milimani kwetu, kwa sababu katika maandishi iliyoyala, "Kivu", "kahawa" na "mjane" vinatembea pamoja. Haikuwa na nia ya kudanganya. Ilijaza tundu kwa kile kinachozoeleka kusemwa juu yetu.

Mimi ndiye nilijua hakuna ziwa. Nikajiambia: "Ni mfano tu, wazungu watajua wapi?" Nikatuma.

Tatu, ukaguzi. Kabla ya kutuma nilikuwa nimeirudishia mashini barua ile na kuuliza: "Ina makosa gani?" Ikasifu. Ikasema habari ya mama ina nguvu, ikashauri niipandishe iwe sentensi ya kwanza. Ikanirekebishia koma mbili. Hapo ndipo nilipodanganyika kabisa, maana nilifikiri nimekaguliwa na mtu wa pili. Kumbe alikuwa yule yule wa kwanza, anajisomea.

Siku nne baadaye mkaangaji mmoja wa Ubelgiji alijibu. Alitaka magunia kumi. Alitaka pia picha ya yule mama, aiweke kwenye pakiti.

Nilienda kwenye mkutano wa kikundi Jumapili kisha misa. Nikawasomea barua, mimi mwenyewe nikiigeuza Kiswahili. Kimya. Halafu mama mmoja mzee akasema: "Ule mama njo nani? Huku tunajuana wote." Kijana mmoja akatoa wazo: tuchague mama mmoja, apigwe picha, basi. Magunia kumi si mchezo. Nitasema ukweli, hata mimi nililipima lile wazo moyoni. Ndipo mama mwingine akasema polepole: "Bwana yangu alikufa na malaria. Hiyo haitoshe juu ya kuuzisha kahawa?"

Hakuna aliyejibu. Mimi sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nilimwandikia yule mnunuzi ukweli. Alishukuru kwa heshima, hakununua. Simlaumu. Angejuaje kwamba yale ya kuosha na kukausha hayakutungwa pia?

Najua mtakalosema, hasa ninyi mliofanya kazi na mashirika: mambo ya mjane wa kuuzisha kitu yalianza kabla ya mashini. Ni kweli. Tumeona ripoti ambazo kila mkulima ana machozi na tabasamu kwa zamu. Lakini zamani mtu wa kuandika ripoti alipaswa angalau kupanda hapa, kula vumbi, kunywa kasiksi, kumtazama mama usoni kabla ya kumzidishia chumvi. Sasa uongo unatengenezwa dakika moja, umeketi Kadutu, na hauhitaji hata kujua kama pahali pana ziwa. Urahisi huo ndio ubaya wenyewe.

Je, natupa mashini? Hapana. Baada ya aibu ile niliiuliza swali lingine: "Orodhesha kila jambo ndani ya barua hii ambalo mtu wa Nyangezi anapaswa kulithibitisha." Ikanipa mambo kumi na moja, na mjane akiwa wa kwanza. Uwezo ulikuwamo, swali langu ndilo lilikuwa la kutafuta sifa. Ilinikumbusha pia kwamba hatukumwekea mpokeaji njia rahisi ya kujitoa kwenye orodha. Tangu 2024 Google na Yahoo wanalidai hilo kwa wanaotuma barua nyingi sana; kwa Google, ni kama elfu tano kwa siku ama zaidi. Sisi wa anwani 43 hatumo, lakini adabu ni adabu.

Na kuna kosa moja ambalo hakuna aliyelikagua. Niliibandika orodha yote ya anwani ndani ya mashini, majina na yote, ili "ipange makundi". Watu wale walitoa kadi zao kwa wakulima, hawakuzitoa kwa kampuni ya ng'ambo. Ulaya ina sheria ya hayo inayotumika tangu Mei 2018, na sisi wenyewe tuna Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Sikufikiria hata dakika moja.

Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki: mpango, dhaifu, maana haukujua pahali. Maandishi, mazuri ya lugha na mabaya ya ukweli. Ukaguzi, hauna thamani ukiuliza "ni nzuri?", una thamani ukiuliza "nani athibitishe nini?". Na aliyeshikilia kalamu, yaani mimi, alama ya chini kuliko zote.

Siku hizi naanza na daftari. Nakaa na wenye kahawa, naandika wanavyosema, ndipo napeleka kwa mashini isafishe Kifaransa. Kabla ya kutuma tunaisoma kwa sauti mbele yao. Inachelewesha, ndiyo. Bei yangu imepanda kidogo kwa sababu hiyo, na wengine wamenikimbia.

Barua ya sita wakulima waliitunga wenyewe. Ilitaja bei, njia ambayo mzigo unaweza kupita, na nani anapokea pesa. Kati ya wale 43, wawili waliomba sampuli. Sampuli zimeondoka, bado tunangojea. Ilianza hivi: "Jambo. Sisi ni wakulima wa Nyangezi. Barua yetu ya tatu ilikuwa na mtu ambaye hayuko. Hii ina watu wenye wako."