Batiri Haina Kosa

Pikipiki ikipigwa kiki inawaka, inapanda mlima kama kawaida, ila klaksoni imebaki kukoroma na indiketa hazikonyezi tena. Hapo motari wengi wa Masisi, mashariki mwa Kongo, hawana swali: wananunua batiri. Inafanya kazi wiki chache, ugonjwa unarudi, na batiri nyingine inanunuliwa kwa pesa ambayo ingelisha nyumba. Kazi ninayoichambua hapa ni ya aina hiyo. Piki ni ya zamani, umbo la CG 125, na ilikuwa imeshakula batiri mbili kabla mtu hajafikiria kupima chochote. Batiri ndiyo inayoonekana kufa, lakini mara nyingi imeuawa na kitu kingine, na kitu hicho hupatikana kwa kufuata umeme tangu unakozaliwa.

Honda ilianza kuuza CG125 mwaka 1976 kwa nchi ambako piki hubeba mizigo mizito na kukosa matunzo. Viwanda vya China vikaiga injini yake, na leo unaikuta imebandikwa majina mengi. Ni injini ngumu. Kinachoteseka ni nyaya. Kutoka Goma hadi Masisi-centre ni kilomita 80 hivi, kupitia Sake na Mushaki, kwenye vilima vya malisho ambako jibini hushushwa mjini. Ukipita Nyabiondo na Kashebere kuelekea Kibua na Walikale, unaingia msituni, na mvua ya huko haipumziki sana. Tope la njia hiyo hujishindilia mahali pabaya kuliko pote: nyuma ya kifuniko cha pinyo ya mbele, upande wa kushoto wa injini, kandokando ya mnyororo. Ni hapohapo nyaya za bobini hutokea.

Mfumo wenyewe si mgumu. Ndani ya kifuniko cha kushoto kuna gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini. Likizunguka, bobini za shaba huzalisha umeme wa kupanda na kushuka, ambao batiri haiwezi kuupokea ulivyo. Regilateri huugeuza uende upande mmoja, kisha huuzuia usipite kiasi, na ziada huimwaga kwenye masi, yaani chuma cha chasi. Kwa CG nyingi za zamani moto wa bujie una bobini yake peke yake, haudai chochote kwa batiri. Ndiyo maana piki inaendelea kutembea huku mfumo wa chaji umekufa zamani, na mwenyewe hajui hadi klaksoni imnyime sauti mbele ya ng'ombe.

Fundi mzuri huanza bila chombo. Kwenye piki za namna hii taa kubwa nayo hulishwa moja kwa moja na bobini, kwa hiyo mwanga wake ni ushahidi. Fundi wa piki hii aliiwasha, akaongeza gesi, taa ikang'aa zaidi. Basi sumaku ni nzima na bobini haijaungua yote. Kisha akauliza swali ambalo wengi hawaulizi: taa inafanya nini piki ikipiga shimo? Jibu lilikuwa kwamba wakati mwingine inafifia ghafla, halafu inarudi. Mimi ningekuwa hakimu, kesi ingekuwa imekaribia mwisho hapo. Taa inayofifia kwa mtikisiko inasema kuna waya unaogusa chuma pasipostahili.

Mwenye piki hakushawishika. Alikuwa na safari.

“Fundi, weka batiri ingine tu, nipande Nyabiondo leo.”

“Mzee, batiri haina kosa. Iko na njaa.”

Ndipo mita ikatoka. Batiri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Hii ilisoma 12.1, yaani chaji imeshuka hadi nusu hivi. Injini ikawashwa na kuongezwa mwendo hadi wa kati. Mfumo unaochaji ungepandisha namba hiyo hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki palepale, chaji haifiki. Ikipita 15, regilateri imeshindwa kuzuia, na maji ya batiri yatachemka. Hapa sindano haikusogea hata kidogo. Kwa kipimo hicho peke yake wengi hukimbilia kununua regilateri, na wanakosea, kwa sababu kimesema tu kwamba umeme haufiki. Hakijasema umekwama wapi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchomoa soketi ya regilateri na kupima upande wa bobini, kati ya waya mweupe wa chaji na masi, mita ikiwa kwenye umeme wa kupanda na kushuka. Bobini nzima ya piki ndogo hutoa volti nyingi isipofungwa mzigo: hupita 20 kwa urahisi na huzidi 40 injini ikikimbia. Hapa mita ilionyesha sifuri, ikaruka hadi 25 fundi alipovuta waya, ikarudi sifuri. Kifuniko cha pinyo kikafunguliwa. Chini ya tope lililokauka kama tofali, mnyororo ulikuwa umekula mpira wa waya mweupe hadi shaba, na nyuzi zilizobaki zilikuwa zinashikana na kuachana kadiri piki inavyotikisika. Waya wa taa, wa njano, ulikuwa umekwaruzwa tu, ndiyo maana taa ilififia kwenye mashimo lakini haikufa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umepoteza bobini nyingi nzima. Vitabu vingi vya ufundi husema pima kati ya bobini na masi, na mita ikionyesha njia, bobini imeungua. Ni kweli kwa piki zenye nyaya tatu za njano zinazotoka injini. Kwa CG ya zamani si kweli, kwani ncha moja ya bobini imefungwa kwenye masi tangu kiwandani. Fundi asiyejua hilo ataing'oa bobini isiyo na hatia, na kuisuka upya kwa siku nzima ya kazi.

Asiye na mita naye hakwami. Balbu ya taa kubwa iliyofungwa nyaya mbili inatosha: iunganishe kati ya waya mweupe na masi, washa injini, na usipite mwendo wa taratibu, maana bila regilateri balbu ya volti 12 hukatika haraka. Ikiwaka na mwanga ukifuata gesi, bobini inazalisha.

Waya ulikatwa sehemu iliyoliwa, ukaongezwa kipande cha unene uleule (si waya wa chaja ya simu, ambao nimeuona ukitumika), ukalehemiwa kwa bati, ukavishwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli na kupitishwa juu, mbali na mnyororo, ukiwa umefungwa kwenye chasi usicheze. Bobini ikasoma volti zake bila kuruka. Injini ikawashwa, na batiri ikabaki 12.1.

Kosa la pili, basi. Hapa subira ya fundi ilinivutia kuliko mikono yake. Regilateri haiwezi kuhukumiwa kwa mita peke yake. Ndani yake mara nyingi kuna swichi za elektroniki ambazo hazipitishi kitu hadi ziamriwe, kwa hiyo mita huonyesha “imekatika” hata ikiwa nzima. Njia ya haki ni kuondoa washukiwa wengine wote. Umeme wa bobini unafika kwenye soketi: ndiyo. Waya wa kijani unashika masi vizuri: ndiyo, baada ya kukwangua kutu. Waya mwekundu unafika batiri bila kupoteza volti: ndiyo. Kilichobaki katikati ni regilateri, na sasa kuinunua si kubahatisha.

Kwa nini ilikufa? Mwenye piki alikiri kwamba kati ya batiri ya kwanza na ya pili alitembea siku kadhaa bila batiri kabisa, nyaya zikining'inia. Batiri, mbali na kutunza umeme, hulainisha mawimbi yake. Ikiondolewa, volti huruka ovyo, na regilateri ya bei nafuu haivumilii. Yake pia ilikuwa imefungwa chini, mapezi ya kupozea yakiwa yamezibwa na tope, na joto halikuwa na pa kutokea. Kwa hiyo makosa matatu yalikuwa na mzazi mmoja: waya ulioliwa uliua batiri, batiri iliyokufa ikaondolewa, kuondolewa kwake kukaua regilateri.

Kununua mpya nako kuna hila. Soketi za pini nne zinafanana mno, lakini mpangilio wa pini hutofautiana, na regilateri ya piki yenye bobini isiyogusa masi haifai kwa hii. Nenda dukani na ya zamani mkononi, ulinganishe rangi za nyaya moja moja, usilinganishe umbo tu. Duka lenyewe si la kuhakikishiwa siku hizi. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-centre, kisha Sake na Goma. Machi waliingia Walikale-centre, wakaondoka Aprili. Kipuri kinachotoka Goma hakifuati tena ratiba ya mtu, na upande wa Walikale wengine hutazama barabara ya Lubutu na Kisangani. Ndiyo maana kusuka upya bobini iliyoungua kweli bado ni ufundi wenye thamani huko: kuhesabu mizunguko ya zamani wakati wa kuifumua, kutafuta waya wa shaba wa unene uleule, na kuupaka vanishi.

Regilateri mpya ilifungwa juu, mahali penye hewa, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, grisi kidogo ikapakwa kwenye soketi. Batiri haikurudishwa mara moja. Ilichajiwa taratibu usiku kucha kwanza, kwa ampea 0.6 hivi, kwani bobini ndogo kama hii si ya kufufua batiri iliyoshuka. Kisha kipimo cha mwisho, taa ikiwa imewashwa: volti 14.2, na haikupita hapo hata gesi ilipofunguliwa zaidi.

Lipo ambalo halitibiki kwa kipuri. Bobini ya piki hizi hutoa wati mia moja hivi au pungufu, na hutoa hizo injini ikikimbia tu. Spika, utepe wa taa za rangi na chaja mbili za simu vikifungwa moja kwa moja kwenye batiri vinakula hata ufunguo ukiwa mfukoni. Na wapo wanaozima injini kwenye mteremko wa kushuka Sake ili kuokoa mafuta, huku ufunguo uko wazi na vyote hivyo vinawaka. Hiyo ni nusu saa ya kula bila kuingiza.

Kwa motari anayefikiria batiri ya tatu: kabla hujatoa pesa, fungua kifuniko cha pinyo ya mbele, osha tope, na utazame waya mweupe unapopita karibu na mnyororo. Hiyo kazi haihitaji fundi.